Picha za Zamani Nilizotafsiri Bila Kusikia

Ifakara, Jumatatu, mwisho wa Aprili 1996

Mvua imenyesha tangu asubuhi na bado inanyesha. Najua kwa sababu naiona. Inapiga bati la jirani na kurukaruka, maji yanapita kwenye mfereji kwa kasi, mbuzi wamejibana ukutani. Zamani mvua ya namna hii ilitulazimisha kupigiana kelele humu chumbani kama watu waliogombana. Leo nasikia ile kengele yangu tu ya masikioni, haipandi wala haishuki.

Mwezi umetimia. Daktari alisema nisubiri wiki nne, kwamba kwa watu wengi masikio hurudi yenyewe baada ya kwinini. Leo asubuhi nilikwenda. Aliyoniambia nitayaandika, ila si sasa hivi, mkono haujakubali. Kwanza niandike mwezi huu ulivyokuwa, maana nisipoandika nitakuja kujidanganya kwamba ulikuwa mwezi mzuri.

Mimi natafsiri picha. Nakaa kwenye stuli pembeni ya runinga, kwenye banda la video la Bwana Rajabu nyuma ya soko, kipaza sauti mkononi, na wanachosema Wahindi, Wazungu na Wachina nawaambia watu kwa Kiswahili. Wenzangu wa kazi hii wanatafsiri. Mimi napika kabisa. Stelingi, yule shujaa wa picha, nampa jina la huku, Kasiani au Thomasi, ili mtu wa Katindiuka aone ni shemeji yake anayepigwa. Adui nampa jina la mtu yeyote aliyenikera siku hiyo.

Na kwa kuwa hili ni daftari langu, niseme na lingine. Kihindi sikijui. Sijawahi kukijua. Nimekulia kwenye makambi ya mashamba ya miwa, baba yangu akiwa mkata miwa, na picha zilionyeshwa uwanjani kwenye kitambaa cheupe. Kulikuwa na fundi mmoja Mhindi wa kiwandani aliyetusimulia hadithi nzima kabla haijaanza, tukishamletea maji ya kunywa. Nilizishika zote. Zilizobaki nimezipata kwa kutazama nyuso. Miaka kumi na tano nimekula kwa kazi hiyo na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwezi wa tatu malaria ilinikamata. Nilikaa nayo siku tatu nikidhani ni uchovu, na siku ya tatu nikatafsiri picha nzima nikitetemeka, watu wakadhani ni manjonjo. Nilianguka mlangoni. Hospitali wakanitundikia dripu ya kwinini na nikapona, hilo silikatai, bila dripu ile ningekuwa nimezikwa. Ila kengele zilianza siku ya pili, na asubuhi ya nne nikaona Skola, mke wangu, anasema nami pembeni ya kitanda na hakuna kinachotoka.

Nilimwambia asimwambie mtu.

Ndipo nikampelekea Bwana Rajabu wazo. Nilimwambia, na sijui nilisema kwa sauti kubwa kiasi gani, kwamba watu wamechoka na bunduki za siku hizi, tuweke mwezi mzima wa picha za zamani, zile nilizozikuta uwanjani nikiwa mtoto. Alinitazama kwa muda. Kisha akakubali kwa kichwa. Nilitoka pale nikijiona mjanja, kwa sababu picha zile nazijua kwa moyo, na mtu anayejua kwa moyo hahitaji masikio.

Wiki ya kwanza tulianza na ile ya ndugu wawili waliopotezana siku ya mafuriko. Mama yao anauza bangili sokoni, amewatafuta mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Nimeitafsiri picha ile pengine mara hamsini. Kuna mahali kijana mkubwa, sasa tajiri, anapita sokoni na kununua bangili kwa mama yuleyule bila kumjua. Hapo huwa naongea sana. Namtania kijana, naisifia bangili, watu wanacheka.

Safari hii, kwa kuwa sikusikia hata mimi mwenyewe ninachosema, nilitazama. Yule mama anamshika kijana mkono ili apime bangili. Anaushika muda mrefu kuliko inavyohitajika. Anatazama kovu kwenye kiganja, macho yanajaa, kisha anamwachia na kumpa bangili na chenji yake. Alimjua. Alimjua mwanawe katikati ya picha, saa nzima kabla ya mwisho, na akanyamaza kwa sababu kijana alikuwa na mchumba wa kitajiri pembeni yake. Miaka kumi na tano nimeufunika uso wa mama yule kwa maneno yangu ya kuchekesha. Niliona aibu nikiwa na kipaza sauti mkononi, na nikaendelea kuchekesha, kwa sababu mkalimani akikaa kimya watu wanadhani jenereta limezima.

Wiki iliyofuata tukaweka ya yule Mzungu mwenye kofia anayesafiri siku nyingi kumrudishia mjane ng'ombe wake mmoja. Siku hiyo walijaa Wasukuma kutoka mabondeni, wamesimama mpaka nje. Baada ya picha mmoja alinishika bega na kusema jambo refu kwa uso wa uchungu. Nikamjibu kwamba ng'ombe yule hakuuzwa, alikufa kwa uzee kwa mjane. Akaonekana ameridhika. Mpaka leo sijui aliniuliza nini.

Hivi ndivyo nilivyoishi mwezi mzima. Nakisia. Njiani midomo ikisogea najibu salama, ikisogea tena najibu namshukuru Mungu. Watoto wakipita naitikia marahaba. Jumatano moja mzee mmoja wa parokiani, mtu aliyenifundisha katekisimu, alisimama mbele yangu na kunisemesha, na mimi, akili ikiwa imeshazoea, nikamjibu marahaba. Mzee wa miaka sabini. Niliona uso wake unavyobadilika, nikainama kumwamkia shikamoo nikiwa nimechelewa, nikaondoka karibu nikikimbia. Usiombe ukamwitikia marahaba mzee ambaye hajakuamkia. Sikulala vizuri siku mbili.

Leonia, binti yetu, ana miaka sita. Yeye ndiye mwepesi kuliko wote. Siku ya tatu tu aliacha kuniita, akaanza kunivuta shati.

Siku pekee niliyokuwa na furaha ni ile tuliyoweka picha ya kale kabisa, isiyo na sauti tangu ilipotengenezwa. Mhudumu wa hoteli ameficha bata mzinga ndani ya koti na bata hataki kutulia. Picha ile ni midomo tu na maandishi ya Kizungu. Nilikaa pale nikifikiri kwamba kwa saa moja na nusu banda zima ni viziwi wenzangu, na tukacheka wote kwa wakati mmoja, mimi nikiwaona mabega yakitikisika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechangamka. Skola aliponiona alinigeuzia mgongo akachochea moto kwa muda mrefu.

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa.

Niseme na ninachokikosa hasa. Nilidhani nitakosa nyimbo za picha, na zile sauti za ngumi. Wala. Kumbe miaka yote nilikuwa nasikiliza watu. Kicheko kikianza kwa wanawake wa mbele najua niongeze chumvi. Wakiguna najua adui amewachoma, namwacha aongee. Kukiwa na ule ukimya wa watu wote kuvuta pumzi, natulia. Picha ilikuwa inatoka kwao, mimi naipitisha tu. Sasa nakaa kwenye stuli na kuongea kama mtu anayeongea chini ya maji, sijui kama kuna aliyecheka au wote wamesinzia.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa picha za zamani. Tulipanga ile ya dereva wa lori anayetumwa kumpeleka bibi harusi kwa mume asiyemjua, njiani wakapendana. Ndiyo niipendayo kuliko zote. Nilivaa shati la kanisani.

Picha ikaanza. Stelingi ni yuleyule, masharubu ni yaleyale, anatembea barabarani na mkoba begani. Sikuukumbuka mwanzo ule, lakini kanda hizi huwa zimekatwakatwa, nikasema moyoni lori litakuja. Nikawatambulisha watu, huyu ndiye Kasiani, dereva hodari, hapa anakwenda kulichukua lori lake. Akatokea msichana, nikasema huyu ndiye bibi harusi, mtazameni Kasiani anavyomeza mate. Lori halikuja. Dakika ya ishirini stelingi akavaa sare za polisi. Nikasema Kasiani ameacha udereva, ameingia upolisi, barabara zimekuwa mbovu mno.

Kisha yule msichana akachukua uzi mwekundu na kumfunga stelingi kwenye kifundo cha mkono, akampaka rangi kwenye paji la uso.

Hapa Ifakara mtu anaweza asijue neno moja la Kihindi, lakini uzi ule anaujua. Bibi anayeuza vitumbua anaujua. Uzi ule dada humfunga kaka yake. Na mimi dakika ishirini nilikuwa nimewaambia watu kwamba wale wawili watalala nyumba moja.

Nilijua nimekwisha. Ilikuwa picha nyingine kabisa. Rajabu aliniandikia baadaye kwamba kanda ya lori imeota ukungu kwa unyevu wa masika, akaweka nyingine ya stelingi huyohuyo, na kwamba alinieleza hayo kabla hatujaanza, nami nikamjibu sawa sawa.

Niligeuka kuwatazama watu. Nilitegemea kurushiwa maganda ya machungwa. Nawajua watu wa banda hili, mwaka juzi mkalimani wa kutoka Mahenge alikosea jina la adui mara mbili tu wakamzomea mpaka akaacha kipaza sauti chini. Nilitegemea wasimame, wanyooshe vidole, wadai viingilio vyao.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyefungua mdomo. Walikaa wamenitazama kwa adabu, kama watu waliokuja kutoa pole. Mama mmoja wa mstari wa mbele, mnunuzi wa mpunga kutoka Idete anayenizomea kila mwaka, aliinamisha kichwa akawa anatazama vidole vyake.

Walikuwa wanajua. Wote.

Nikamalizia picha ile sijui vipi. Nyumbani nilimwekea Skola daftari mbele na kalamu, nikasimama. Kisha akaandika, kwa ule mwandiko wake wa darasa la saba uliosimama wima:

“Niliwaambia mimi. Wiki ileile uliyotoka hospitali. Nilikwenda sokoni nikawaambia, na Rajabu nikamwambia, nikawaomba wasikuonyeshe kama wanajua.”

Na chini yake akaongeza kwamba nimekuwa nikiongea juu ya nyimbo. Wimbo wa Kihindi hauanzi na kucheza, unaanza na vyombo huku watu bado wametulia kwenye picha, na mkalimani hunyamaza tangu kinanda cha kwanza. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu. Mimi nilikuwa nasubiri kuona wakicheza ndipo ninyamaze. Mwezi mzima nimekula vichwa vya nyimbo zote, na wanawake waliotembea kutoka mashambani kwa ajili ya nyimbo zile walikaa wakanivumilia.

Nilimtupia daftari. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, na kwa kuwa siyasikii, pengine niliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka relini. Nilimwambia amenifanya ombaomba. Nilimwambia kila kicheko nilichokiona mwezi huu kilikuwa sadaka. Leonia alikimbilia nyuma ya pazia. Skola aliliokota daftari, akalifuta vumbi kwa khanga, akaandika:

“Ningefanyaje, Baba Leonia? Ulikuwa umeacha kula.”

Ni kweli nilikuwa nimeacha kula. Nilikuwa nimesahau hilo, au nilitaka kulisahau. Siku zile kabla ya kumpelekea Rajabu wazo langu nilikuwa nalala nimeuelekea ukuta, na siku moja nilikwenda mpaka kivukoni, nikasimama ukingoni kutazama maji ya mto mpaka mvua iliponitoa. Sikumwambia mtu nilikwenda kufanya nini. Sidhani kama mimi mwenyewe nilijua vizuri. Skola alinikuta njiani na baiskeli, akanipakia nyuma mimi mtu mzima.

Jumapili hatukuandikiana.

Sasa niandike ya leo. Tulikwenda wote wawili. Daktari aliniweka kitini na kusimama nyuma yangu, kisha akaja mbele, midomo ikasogea, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo ninavyofanya, pengo likitokea nalijaza. Skola alinifinya paja. Alinifinya kwa kucha, sijafinywa hivyo tangu shuleni. Nikasema, “Sisikii. Nimekuitikia tu.” Daktari akachukua chuma chenye ncha mbili, akakigonga, akakiweka nyuma ya sikio langu. Nilikisikia kwenye mfupa, kinatetemeka. Nilidhani masikio ndiyo yanarudi. Nilimshika mkono daktari wa watu. Akakisogeza mbele ya sikio, mfupa ukatulia, na hakukuwa na kitu.

Alichukua karatasi akaandika taratibu, ni mtu mpole. “Kwa wengi masikio hurudi. Kwa wachache hayarudi. Yako sidhani kama yatarudi.”

Basi. Nimeshaandika.

Njiani Skola alitangulia akikokota baiskeli kwenye matope. Hakugeuka. Nilikuwa naona mabega yake tu, na nilijua analia kwa sauti, kwa kuwa watu waliokuwa wanapishana naye walisimama na kuvua kofia. Mimi mumewe, hatua tano nyuma yake, sikusikia. Nilijaribu kukumbuka sauti yake ya kulia ilivyo. Nikapata ya kunigombeza, nikapata ya kumwita Leonia, ile ya kulia sikuipata. Nimeogopa leo kuliko siku ya mto. Nitaanza kuzipoteza moja moja, na hakuna mahali nitakapokwenda kuzichukua tena.

Saa tisa alasiri nilikwenda bandani. Sikupanga. Miguu ilikwenda. Kwa mvua hii hakuna aliyekwenda shamba, walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi za mlango, baiskeli zimelazwa juu ya baiskeli. Rajabu aliponiona alisimama. Nilipita katikati yao, wakanipisha, nikachukua kipaza sauti. Nilikigonga kwa kidole ili nione kama wanashtuka, wakashtuka.

Nikawaambia hivi: “Sisikii. Mnajua. Mimi ndiye nilikuwa sijui kama mnajua. Leo daktari amesema ndiyo basi. Nimewaharibia nyimbo zenu mwezi mzima na hamkusema. Na Kihindi sijui, sijawahi kujua. Kama mnataka mkalimani mwingine semeni leo, nione mkisema.”

Wote walifungua vinywa kwa pamoja. Watu mia na zaidi, mikono juu, vichwa vinatikisika, yule mama wa Idete amesimama juu ya benchi anasema kitu kirefu huku amenielekezea kidole. Nilitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, mimi ninayejisifu kusoma nyuso, na sikuweza kusoma hata moja. Wangeweza kuwa wananifukuza.

Skola alikuwa ameniandama. Alisimama mlangoni, khanga imelowa, daftari amelificha kifuani lisipate maji. Nilimnyooshea mkono. Akapita katikati ya watu, akaegemeza daftari kwenye runinga, akawasikiliza. Aliandika neno, akalikata. Akasikiliza tena. Akaandika lingine, akalikata na hilo. Nilitaka kumnyang'anya kalamu.

Kisha akaniandikia mstari mmoja tu akanigeuzia.

“Wanasema uanze.”

Nilimuuliza lile alilokata lilikuwa nini. Akatikisa kichwa, akaenda kukaa chini kwenye mkeka wa mbele, akanigeuzia uso ili nimwone. Rajabu akabonyeza deki. Sikujua ni kanda ipi iliyomo.

Nikaanza.

Sasa ni magharibi na mvua haijakatika. Skola anamlisha Leonia, wanazungumza, nawaona. Ninaogopa bado, sitaki kuandika kwamba siogopi. Kesho saa tisa nitaogopa vilevile, nikiwa nimekaa kwenye stuli.